Pedi za zamani zisitupwe kabla hazijasomwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Sakina, Arusha, aliyelalamika kwamba amebadilisha pedi za breki mara tatu ndani ya miezi mitano na gari lake bado linavuta upande na breki zinalia. Aliandika kwa hasira. Hasira ile naijua, nilikuwa nayo mwenyewe Aprili mwaka huu, na mpaka leo nikiziona risiti zangu inarudi. Yeye anasema pedi zinazouzwa mjini ni feki tupu. Feki zipo, sibishi, na kuna TBS (Shirika la Viwango) na Tume ya Ushindani ambao kazi hiyo ni yao. Lakini barua yake yote, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, haikutaja jambo moja ambalo ningependa kumuuliza kabla hajanunua seti ya nne: zile pedi zilizotolewa mara ya kwanza ziko wapi?

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mstaafu, mkazi wa Soweto hapa Moshi. Nimefundisha sekondari miaka 31. Kila mwaka nilipofika kwenye kanuni ya Pascal, kwamba kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja kanieneo yake husambaa sawasawa kila upande, mfano wangu ulikuwa breki za gari. Nilichora ubaoni pedali, masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki), mabomba na magurudumu manne, wanafunzi wakanakili, tukaenda kwenye maswali. Mchoro ule ningeweza kuuchora nikiwa nimefumba macho. Kalipa yenyewe, lile koleo la chuma kwenye gurudumu linalozibana pedi kwenye diski, sikuwahi kuitazama mpaka ilipotaka kuniua.

Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka 1998, otomatiki, diski mbele na dramu nyuma. Niliachiwa na marehemu mzee wangu. Mzee alikuwa na tabia iliyowaudhi mafundi: hakuondoka gereji bila kipuri cha zamani. Plagi, filta, mkanda, vyote alirudi navyo nyumbani vimeviringishwa kwenye gazeti. Hakuwa na sababu yoyote ya kitaalamu, alitaka tu kuhakikisha kwamba kimebadilishwa kweli. Nilimcheka sana. Alipofariki nikajikuta nimeirithi tabia hiyo pamoja na gari, kama ambavyo niliendelea kwa miezi kupika chai ya watu wawili.

Machi, masika yakianza, gurudumu la mbele kushoto likaanza kulia. Mlio mwembamba, kama wa filimbi, ukikanyaga breki unanyamaza. Baadaye nilikuja kujua kwamba pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi: pedi ikilika ikabaki kama milimita mbili au tatu, ulimi unagusa diski na kupiga kelele ili mwenye gari asikie. Mwenye gari nilisikia, nikaongeza sauti ya redio. Wiki mbili zaidi, filimbi ikageuka mkwaruzo, na hapo hata redio haikusaidia.

Nikaenda gereji moja hapa mjini ambayo sitaitaja. Pedi za mbele 35,000, ufundi 15,000. Kijana aliyenihudumia alikuwa na mikono myepesi, hilo nampa. Alifungua, akazirudisha pistoni zinazosukuma pedi ndani ya kalipa kwa spana kubwa, akachomeka pedi mpya, akafunga, na soda yangu ilikuwa bado nusu. Alipotaka kutupa za zamani kwenye pipa nikamzuia.

"Mama, hizo takataka."

"Nipe takataka zangu, mwanangu."

Nikaziviringisha kwenye gazeti lako hili hili, Mhariri, nikaziweka kwenye buti.

Nilipowasha na kurudi nyuma kutoka getini, pedali ikazama hadi chini kama imetumbukia kisimani. Kijana akapiga kelele, "Pampu mama, pampu!" Nikapampu mara tatu, nne, ikapanda. Hilo si ugonjwa, naliandika kwa ajili ya wengine: pistoni zikisukumwa ndani, lazima pedali ipigwe mara kadhaa hadi pedi ziiguse diski. Ila hupampiwa gari likiwa limesimama, kabla mteja hajapewa ufunguo. Nyuma yangu kulikuwa na bajaji.

Siku tatu za kwanza nilifurahi. Ya nne nikaona mambo. Nikikanyaga kwa nguvu gari linakwenda kulia. Nikiachia, likiwa linatembea lenyewe, linavuta kidogo kushoto. Pedali ndefu, laini, kama kukanyaga godoro. Na nikifika nyumbani kutoka mjini, ukipita karibu na gurudumu la kushoto unahisi joto lake kwenye mguu.

Nikarudi. Kijana akasema pedi hazijakaa, zitakaa zenyewe. Nikampa wiki. Nikarudi tena, akaja mkubwa wake, akakanyaga pedali mara moja, akasema masta silinda imekufa. Hakueleza amejuaje na mimi, mwalimu wa Pascal, sikuuliza. Masta silinda 130,000, ufundi 20,000. Pedali ikabaki godoro. Nikarudi mara ya tatu, na sasa kosa likawa diski. Zikapelekwa kuchongwa, 40,000. Jumla 240,000, na gari linakwenda kulia kama kawaida. Mara zote tatu hakuna aliyeligusa lile gurudumu la moto akauliza kwa nini ni la moto.

Huo mtindo nauita "badilisha tuone". Si wa gereji moja, na si wa mafundi peke yao, maana sisi wenye magari ndio tunaoulea. Tunafika tayari tumeshajipimia: "Fundi niwekee pedi." Fundi anaweka pedi. Ukienda hospitali ukasema "Daktari nichome sindano ya malaria," daktari mwenye akili atakupima kwanza. Kwenye gari tunakasirika fundi akisema anataka kupima, tunaona anatupotezea muda au anatafuta cha kuongezea bei.

Tarehe 20 na kitu Aprili, nikielekea Arusha kwenye sendofu ya mtoto wa mdogo wangu, buti limejaa ndizi mshare, nikashuka mteremko wa Kikafu. Mnaotumia barabara ya Moshi kwenda Boma Ng'ombe mnaujua. Mbele yangu lori la mchanga, nyuma yangu basi linalowasha taa nipishe. Nikakanyaga mara ya kwanza, sawa. Ya pili, pedali ikashuka zaidi. Ya tatu ikaenda mpaka kwenye zulia na gari halikupungua.

Nikashusha gia hadi 2, kisha L, injini ikapiga kelele, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo. Breki ya mkono katika gari kama hili inavuta dramu za nyuma kwa waya, haitegemei mafuta, kwa hiyo mafuta yakikusaliti yenyewe bado ipo. Nilimkumbuka Mungu, na niliwakumbuka watu 25 waliokufa Februari 2024 pale Ngaramtoni Kibaoni, Arusha, lori lilipokosa breki. Lori la mchanga likaniacha, basi likanipita kwa matusi ya honi, nikapata kichaka pembeni na kusimama.

Harufu ilikuwa ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Moshi mwembamba ulitoka kwenye ringi ya kushoto. Kijana wa bodaboda akaja mbio na dumu la maji kunisaidia, nikamzuia. Diski iliyowaka ukiimwagia maji ya baridi inaweza kupinda au kupasuka. Tukakaa. Nilimpa ndizi. Baada ya dakika 45 nikakanyaga pedali, na Mhariri, ilikuwa imepanda. Si godoro tena la kutisha, ni lile godoro la kila siku.

Hapo ndipo ualimu uliporudi kichwani. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, mwaka hadi mwaka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Gurudumu likipata moto wa kutosha mafuta yanachemka ndani ya kalipa, na yakichemka yanatoa mvuke. Kimiminika hakibanwi, mvuke unabanwa. Unakanyaga, nguvu ya mguu wako inaishia kubana mvuke. Ukipoa, unarudi kuwa mafuta, pedali inapanda, na fundi ukimpelekea kesho yake anakwambia "mbona breki zipo?"

Kwa wanaopenda hesabu: gari la kilo 1,300 likishuka kimo cha mita 400, kama ilivyo kwetu tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, linapoteza nishati ya juli milioni tano na kidogo. Nishati hiyo ingetosha kuchemsha lita 15 za maji ya baridi. Ukitumia injini kujizuia, injini na upepo vinabeba sehemu yake. Ukitoa gia ili uokoe petroli, kama wafanyavyo wengi, ndoo nzima unaichemshia kwenye breki.

Nilifika Arusha kwa mwendo wa harusi. Shemeji akanipeleka Unga Limited kwa fundi anayemjua, mtu wa rika langu, miwani imefungwa waya upande mmoja. Nikatarajia afungue boneti. Akavuta stuli, akakaa.

"Haya dada, nipe hadithi yake tangu mwanzo. Usiniambie ulichobadilisha. Niambie gari lilifanya nini."

Nikamweleza. Aliniuliza mara mbili: ukikanyaga linakwenda wapi, na ukiachia linakwenda wapi? Nilipomjibu kulia na kushoto akatikisa kichwa taratibu kama mwanafunzi aliyeona jibu kabla ya mwalimu kumaliza swali.

Akaingia kwenye gari, injini imezimwa. Akakanyaga pedali mara kadhaa hadi ikawa ngumu, akaishikilia kwa nguvu ile ile, midomo ikihesabu. Akafika sitini. Pedali haikushuka. Akiwa bado ameishikilia, akawasha injini; ikazama kidogo tu, kama pumzi. "Busta nzima," akasema, yaani kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu. "Sasa nikumbushe. Kabla hawajabadilisha masta, ukiwa umesimama, umekanyaga umeshikilia, pedali ilikuwa inateleza yenyewe kwenda chini?"

Nikafikiria kipilefti cha mnara wa saa, ninavyosubiri pale kila siku pikipiki zimalizike. "Hapana. Ilikuwa laini, lakini inakaa pale pale."

"Basi ile masta ilikuwa nzima. Masta ikichoka mpira wa ndani, pedali inashuka polepole ukiwa umeishikilia. Kama haishuki, usiiguse."

Dakika mbili, hajashika spana, na 150,000 yangu ikawa imepata kaburi.

Akapiga jeki mbele. Gurudumu la kulia alilizungusha kwa vidole viwili. La kushoto lilitaka mikono yote miwili. Akatoa tairi, akalegeza nipo, ile nati ndogo ya kutolea upepo, mafuta yakachuruzika kidogo, rangi ya kahawa ya mbege iliyochacha. Akazungusha tena diski. Bado nzito. Akanieleza bila kuniangalia: ingelainika hapo, tungejua presha imenaswa, na mara nyingi mpira wa breki, lile bomba laini la mafuta, ndio unakuwa umevimba kwa ndani, unaruhusu mafuta kwenda na kuyakatalia kurudi. Haikulainika, kwa hiyo kilichokwama ni chuma, si mafuta.

"Za zamani walizitupa?"

Tukatoa ndizi. Kifurushi kilikuwa chini kabisa, gazeti limeloa utomvu. Akazipanga pedi nne juu ya benchi, migongo juu, na hapa naomba msomaji wa Sakina asome polepole.

Mgongo wa pedi una alama. Mbili zilikuwa na duara, kama alama ya kikombe kwenye meza: hizo ni za ndani, zimesukumwa na pistoni. Mbili zilikuwa na mikwaruzo miwili iliyosimama, kama vidole: hizo ni za nje, zimevutwa na mkono wa kalipa. Halafu akazigeuza. Nilitoa rula kwenye mkoba (rula haistaafu). Za gurudumu la kulia, ya ndani milimita 4 na ya nje 4. Mapacha. Za kushoto, ya nje milimita 7. Ya ndani 1, na hata hiyo moja ilikuwa ya mshazari, upande mmoja umeshafika kwenye chuma.

Nilikaa chini. Kwa zaidi ya mwezi nilikuwa natembea na jibu kwenye buti, chini ya tairi la akiba.

Nieleze kwa nini ni jibu. Kalipa ya gari kama langu ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Pistoni inaisukuma pedi ya ndani kwenye diski. Nani anaisukuma ya nje? Hakuna. Ni sheria ya tatu ya Newton: pistoni ikisukuma kwenda nje, mwili wa kalipa unasukumwa kwenda ndani, na kwa kuwa mwili huo unaelea juu ya pini mbili, unateleza na kuivuta pedi ya nje hadi ibane upande wake. Pedi mbili zinabana kwa nguvu moja, zinalika sawa. Pini zikikwama, mwili hauelei. Pedi ya ndani inafanya kazi peke yake, ya nje inatazama. Gurudumu linazuia kwa shida, ndiyo maana nikikanyaga gari lilikwenda kulia, kwenye upande wenye breki kamili. Nguvu inayobaki inajaribu kupinda chuma kilichokwama, na mguu wako unaisikia kama godoro. Ukiachia, pini hazirudi, pedi inaendelea kukwaruza, gurudumu linapata moto na kuvuta kushoto. Mambo yote manne, chanzo kimoja.

Na mchoro wangu wa ubaoni ulikuwa na mishale ya Pascal tu. Newton tulimweka sura nyingine ya kitabu.

Pini ya chini ilimchukua nusu saa, kwa moto na nyundo. Ilipotoka, mpira wake wa ncha ulikuwa umevimba kama uyoga. Mtu fulani, enzi za mzee bado hai, aliipaka grisi ya kawaida, ile ya bearingi. Grisi ya namna hiyo, itokanayo na petroli, huvimbisha mipira ya breki. Pini zinataka grisi ya silikoni au ile iliyotengenezwa kwa breki. Kifuniko cha pini nacho kilikuwa kimechanika, tope la masika ya miaka limeingia. Kijana wa Moshi hakuisababisha kutu ile, nataka nimtendee haki. Ila kalipa aliifungua, na pini ya kulainisha ilikuwa mbele ya pua yake. Kuitelezesha kwa mkono kungemchukua sekunde tano.

Pedi mpya, zile za 35,000, ya ndani kushoto ilikuwa imeungua ikang'aa kama kioo. Tukabadilisha pande zote mbili, maana pedi hubadilishwa ekseli nzima. Fundi akasoma maandishi yaliyopigwa kwenye ukingo wa diski, MIN TH (unene wa chini unaoruhusiwa) na namba yake, akapima kama kule kuchongwa hakukuvuka kiwango. Bahati, kilikuwa bado. Akasugua kutu pale pedi zinapokaa, akarudisha vibati vya pembeni vinavyoshikilia pedi, ambavyo kule Moshi vilifungwa vimepinda. Akabadilisha mafuta yote, akitoa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali na masta, na alinikataza, ingawa masta yangu ilikuwa imebadilishwa, nisikanyage pedali mpaka chini kabisa wakati wa kutoa upepo: kwenye masta ya zamani mipira ikipita sehemu isiyozoea kupita, yenye kutu na uchafu, inaweza kuchanika, na hapo unaua masta iliyokuwa nzima. Pedi 38,000, mipira na grisi 14,000, mafuta 10,000, ufundi 30,000. Jumla 92,000.

Kisha tukaenda barabara ya mchepuko kuzizoesha pedi: mwendo wa 50, kanyaga kwa wastani hadi 10 bila kusimama kabisa, achia, tembea zipoe, rudia mara kumi. Hii ndiyo "zitakaa" ya kweli. Pedi hukaa kwa kufanyishwa kazi kwa utaratibu, wala hazikai kwenye kalipa iliyokwama hata ukisubiri mpaka Pasaka. Tuliporudi akanidondoshea maji kidogo kwenye ringi zote mbili, nikasikiliza. Hakuna iliyochemka.

Sasa msomaji wa Sakina, gari lako sijaliona na huenda ugonjwa wako si wangu. Lakini unasema linavuta upande, na hukusema lini. Likivuta unapokanyaga, mtuhumiwa wa kwanza ni upande lisikokwenda. Likivuta ukiwa hujakanyaga, tafuta gurudumu la moto: tembea kilomita chache ukikanyaga kwa nadra, simama mahali pa usalama, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kugusa. Ukilipata, mwambie fundi alegeze nipo kabla hajakuuzia kitu, akutenganishie mpira na chuma. Unasema pia zinalia. Kelele peke yake, bila kuvuta na bila joto, mara nyingi ni vibati vilivyoachwa kwenye pipa au pedi zilizong'aa, na haistahili kukukosesha usingizi. Usukani ukitetemeka unapokanyaga, hapo ndipo diski zina kesi: unene wake haulingani, au zilirudishwa juu ya kutu pale zinapokaa kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Na pedali ikiwa ndefu ukikanyaga mara moja lakini ukirudia haraka inakuwa juu na ngumu, mwambie aangalie dramu za nyuma kama zimekazwa, kabla hajalitaja neno masta. Ikiwa laini hata ukirudia, na inazidi kupanda kadiri unavyopampu, ni upepo. Nawaona mafundi wakicheka kwamba mwalimu sasa amekuwa fundi. Sijawa. Nimejifunza tu kuuliza "umejuaje?", swali nililowauliza watoto wa watu miaka 31 na kusahau kuliuliza kwa pesa zangu.

Stika yangu ya ukaguzi ilikuwa mpya kiooni siku ile ya Kikafu. Taa zote ziliwaka, mtungi wa kuzimia moto upo, pembetatu ipo. Simlaumu mtu, kioo hakioni ndani ya kalipa. Ila kila tunapofikia Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, ningefurahi magazeti yetu, lako likiwemo, yakiweka picha moja tu ya pedi mbili zilizotoka gurudumu moja, moja nene na moja imekwisha, ili mwenye gari ajue anatazama nini. Zangu bado ninazo, zipo dirishani jikoni, na mpiga picha wako akipita Moshi anakaribishwa.

Nawe ndugu yangu wa Sakina, kama zako zilibaki gereji, huenda bado zipo kwenye lile pipa. Nenda kesho asubuhi, kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajapita.

Mwalimu mstaafu,
Soweto, Moshi